Meneja Kala Nini?

"Kala... sumu."

Maneno mawili tu, msomaji, ndiyo yaliyotutawanya wiki iliyopita. Mama mkwe yuko kizingitini, kifua kimembana, anavuta hewa kama mtu anayeburuta gunia kwenye mchanga. Kidole amekielekeza uani kwa Meneja, mbwa wa nyumba, anayepepesuka na kutapika. Na kati ya kidole na mbwa amesimama nani? Mkwewe, fundi cherehani, mkasi mkononi.

Kama hukuwepo, shika hili moja. Jumanne Meneja aliburuta gauni la mteja mpaka kwenye matope, na Fundi akasema mbele ya watu wasiopungua kumi, "Mbwa huyu nitamlisha sumu, nyie mtazika!" Alisema kwa hasira, kama wewe unavyosema utampasua mwanao na usimpasue. Lakini ulimi hauna mfupa, na leo ni Ijumaa.

"Mmesikia?" Wifi yake akachomoka jikoni na mwiko. "Mama kasema mwenyewe! Kala sumu! Kalishwa!"

"Wifi, mama amebanwa. Ya mbwa baadaye. Pampu yake shingoni haipo, iko wapi?"

Fundi hakungoja jibu. Alikimbia chumbani, akapapasa chini ya mto, hakuna. Akafungua kabati, akatoa ile ya akiba, bado imo kwenye boksi lake. Alipotoka nayo, Wifi alikuwa amejaza mlango.

"Usimguse mama yangu! Mkono huohuo uliomlisha mbwa?"

"Wifi, anakufa!"

"Lete hapa nimpe mimi."

Wanawake wawili wakakishikilia kikopo kimoja, kila mtu upande wake, na midomo ya mama ikigeuka rangi ya majivu mbele ya macho yao. Fundi akaachia. Haki yake ingeweza kungoja mpaka jioni. Pumzi haingoji.

Wifi akampulizia mama mara moja, mara mbili. Akamkokota hadi kitandani, akafunga mlango kwa kisigino.

Hapo ndipo Kinyozi, mume wa Fundi, alipotokeza kutoka kwenye kibanda chake cha mbele ya nyumba, mashine ya kunyolea bado inanguruma mkononi. Nyuma yake mteja, shuka shingoni, upande mmoja wa kichwa unang'aa, upande wa pili ni shamba lililokimbiwa na vibarua.

"Kuna nini?"

"Mkeo kamuua Meneja!" Wifi alijibu dirishani.

"Hajafa," alisema Nusu Kichwa, maana sasa tumwite hivyo. "Angalia mbavu. Zinakwenda kama cherehani."

Meneja alikuwa mbwa wa marehemu baba yao. Mzee alimpa jina hilo kwa sababu analala mchana kutwa na kwenye chakula anakuwa wa kwanza. Siku mzee alipokata roho, mkono wake ulikuwa juu ya kichwa cha mbwa huyu, na tangu siku hiyo Kinyozi humsalimia Meneja kabla ya kumsalimia mkewe.

Sasa alipiga magoti, akakishika kichwa kile kinachotetemeka. Akamtazama mkewe. Hakumuuliza. Hilo nalo lishike, msomaji: hakumuuliza.

"Mbwa huyu akifa," alisema kwa sauti ya chini, "wewe hulali tena nyumba hii."

Miaka minane ya ndoa, na maneno hayakufika kumi.

"Basi tumpeleke kwa daktari asife," Fundi akajibu. "Leta toroli."

"Nitasukuma mimi," alisema Nusu Kichwa. "Kazini sirudi hivi, wataniuliza nusu nyingine imehamia wapi."

* * *

Daktari wa mifugo alikuwa mama mfupi mwenye mabuti ya mpira. Alikuwa anamkagua kuku. Alipoona toroli alimweka kuku sakafuni, akafuta meza ya bati kwa mkono wa koti.

"Mpandisheni. Kala nini?"

"Sumu," alisema Kinyozi.

"Sumu gani?"

Kinyozi akageuza macho kwa mkewe.

"Baba, sumu ni jina la ukoo. Ya panya? Ya kupe? Ya mbogani? Kila moja ina dawa yake."

"Muulize huyu." Kidevu kikamwonyesha mkewe.

"Mimi sijampa kitu, Daktari," alisema Fundi. "Nilikuwa kwenye cherehani tangu asubuhi."

Daktari akaweka kipimo kifuani mwa Meneja, akatazama saa ya ukutani, midomo ikihesabu. Akaacha kuhesabu. Akaanza tena. Akaacha.

"Huu moyo siupati," alisema. "Unanikimbia."

Akafungua kabati, akavuta dawa kwenye sindano, akasimama nayo.

"Nisikilizeni vizuri. Wanaoletwa hapa wengi wamelamba dawa ya kupe, ile ya kuogeshea ng'ombe. Sindano hii ndiyo dawa yake. Lakini sindano hii inauongezea moyo mbio. Aliyekula dawa ya kupe, inamwokoa. Ambaye hakula, na moyo wake tayari unakwenda hivi, inammaliza hapahapa mezani. Na huyu simwelewi. Wa dawa ya kupe hutoka mate kama bomba bovu, mboni zinakuwa nukta. Huyu mdomo mkavu, macho mapana. Kwa hiyo nataka ukweli. Alikula nini?"

Kinyozi akamshika mkewe kiwiko, akamvuta hadi pembeni, karibu na kuku.

"Mke wangu, sema."

"Niseme nini?"

"Sema ulimpa nini. Dawa ya kupe? Kubali tu, achomwe sindano apone. Nakuapia nitakusamehe, yataisha, hatutayataja tena."

Msomaji, umewahi kusamehewa kosa ambalo hukulifanya? Ni kama kuvishwa nguo ya maiti ukaambiwa imekukaa vizuri.

Fundi alimtazama mumewe. Alimtazama mbwa. Akikataa, daktari hajui la kufanya, mbwa anakufa, na nyumba imekwenda. Akikubali, anasamehewa, na huenda mbwa akapona kwa bahati. Neno moja tu, "kupe", na angelala kitandani mwake usiku ule. Mdomo ulifunguka. Naam, ulifunguka, sitakudanganya.

Lakini akafikiria ile sindano, na moyo ule unaokimbia.

"Daktari," alisema, "usimchome. Sikumpa dawa ya kupe wala ya mdudu yeyote. Ukimchoma kwa uongo wangu, hapo ndipo nitakuwa nimemuua kweli."

"We mwanamke ni jiwe!" Kinyozi alipaza sauti.

"Kelele nje," alisema Daktari. "Mshikeni kichwa, nimtazame kinywa."

Fundi akashika kichwa, mumewe akashika kiuno. Daktari akainua mdomo wa juu. Ufizi mwekundu. Na katikati ya jino la pembeni na la pili yake, kitu kinaning'inia.

"Nini hiki?"

Fundi huwa na pini kifuani, zimechomekwa kwenye blauzi kama medali. Akachomoa moja, akakivuta kile kitu taratibu, kama anavyofumua mshono wa mtu mkali.

Kilikuwa ni uzi wa kijani, na kwenye uzi kimegandia kipande cha plastiki ya buluu, hakizidi ukucha.

"Uzi wako!" Kinyozi alisema. Aliutambua, maana bobini ya uzi ule ilikuwa kwenye cherehani tangu Jumapili. "Daktari, huo uzi wa mke wangu! Kamfungia sumu kwenye kitambaa akamtupia!"

"Lo, shemeji," Nusu Kichwa akaguna mlangoni. "Hapo pagumu."

Na kweli palikuwa pagumu. Fundi aliuchomoa uzi ule kwenye pini. Aliugeuza kwenye mwanga. Mshono wa mtu ni kama mwandiko wake, na huu ulikuwa mwandiko wake mwenyewe, ule wa kurudia mara mbili kwenye pembe.

"Ni wangu," alisema. "Uzi huu nimeshonea kitu kimoja tu. Mfuko wa mama. Mfuko wa kuvaa shingoni, wa kutilia..."

Akautazama tena uzi.

"Wa kutilia nini?" Daktari aliuliza.

"Wa kutilia pumu."

"Pumu inatiwaje mfukoni, mama? Pumu ni ugonjwa."

"Kwetu siyo! Mama hasemi pampu. Hajawahi kusema pampu. 'Nipeni pumu yangu.' 'Nani kaiona pumu yangu?' 'Pumu yangu imekwisha.' Baba, si ndivyo?" Alimgeukia mumewe. "Si ndivyo anavyosema mama yako?"

Kinyozi akaitikia kwa kichwa.

"Mama hakusema kala sumu," alisema Fundi. "Pumzi ilikuwa inapiga mluzi, hatukusikia. Alisema kala pumu. Mbwa ametafuna pampu yake!"

Daktari alikuwa ameshairudisha sindano ya kwanza kabatini.

"Ya buluu?"

"Ya buluu."

"Nzima au iliyotumika?"

"Ilifunguliwa Jumapili."

"Mungu wangu. Kikopo kimoja kina mipulizo mia mbili. Mtu huvuta miwili, kifua kinafunguka. Mbwa akikitoboa kwa jino, kinamlipukia kinywani, yote kwa mpigo mmoja. Ndiyo moyo huu. Ndiyo kutetemeka huku. Na mimi nilikuwa na sindano ya kuuongezea mbio mkononi!" Alikuwa tayari anatafuta mshipa kwenye mguu wa mbele. "Mama, shika hapa. Baba, wewe toka, unanimalizia hewa."

Alimpa dawa ya kuutuliza moyo, polepole, akisikiliza kila baada ya muda. Akamtundikia chupa ya maji yenye chumvi zinazotakiwa na damu, maana dawa ile ya pumu, alieleza, huzikausha, na misuli ikizikosa hulegea, na moyo wenyewe ni msuli. Fundi alishika chupa juu mpaka mkono ukafa ganzi. Kuku alipanda kwenye mabuti ya Daktari akalala.

Ilipita saa nzima. Kisha Daktari akaweka kipimo tena, akaitazama saa ya ukutani, midomo ikahesabu, na safari hii ikafika mwisho.

"Nimeupata," alisema. "Unahesabika. Atalala hapa mpaka kesho nimwangalie, lakini kama hakuna jipya, mbwa mnaye."

* * *

Nje, Kinyozi alikuwa amekaa kwenye toroli. Alipoambiwa, alijifunika uso. Kisha akasimama, akafungua mikono.

"Basi, mke wangu. Yameisha."

"Yameisha kwa nani?"

"Tulisikia vibaya. Neno moja. Pumu, sumu. Hata wewe ulisikia hivyohivyo."

"Nilisikia hivyohivyo," Fundi alikubali. "Sikio halina kosa. Lakini mama alisema kala sumu, kwa mlivyosikia. Hakusema nani kamlisha. Jina langu hakulitaja mtu. Jina langu mlilitia wenyewe."

Kinyozi akatazama viatu vyake.

"Piga simu nyumbani," alisema Fundi. "Muulize mama alisema nini. Nataka majirani wasikie kutoka kwake kabla sijaingia."

Simu ikapigwa. Wifi akapokea. Hata wewe ungemsikia, sauti yake haihitaji simu.

"Mama amelala. Daktari gani tena? Asisumbuliwe."

Na nyuma ya sauti yake ikaja sauti nyingine, safi kabisa, haina mluzi hata kidogo: "Nani huyo? Mbwa mzima?"

Simu ikakatwa.

"Kwa mtu aliyelala," alisema Nusu Kichwa, "mama anaota kwa sauti."

* * *

Walipokata kona ya mwisho, jua bado lilikuwa juu ya mabati, na watu walikuwa wengi mbele ya nyumba. Kwenye geti, chini, vumbini, ilikuwa cherehani. Kando yake vitambaa vya wateja vimetupwa fungu moja, vilivyokatwa na visivyokatwa. Juu ya fungu, viatu vyake vya kutokea.

"Nani katoa hivi?" Kinyozi aliuliza.

"Si ulisema halali hapa?" Wifi alijibu. Amekunja mikono. "Nimekusaidia."

"Nilisema akifa. Meneja mzima! Alitafuna pumu ya mama!"

Majirani wakaguna. Wale waliokuwa mbele wakarudi nyuma kidogo, kama watu waliokumbuka wameacha sufuria motoni. Nusu Kichwa aliwasimulia yote, kwa mikono, pamoja na sehemu ya kuku.

Fundi alipita katikati yao. Aliinama, akapuliza vumbi kwenye gurudumu la cherehani. Mlango ukafunguka, mama mkwe akatoka, kanga mabegani, anatembea taratibu lakini anatembea.

"Mama," alisema Fundi bila kuinuka, "walipotoa cherehani yangu, pumzi ulikuwa nayo?"

Mama mkwe akaikaza kanga mabegani.

"Nilikuwa nayo."

"Ulisikia wanasema mimi ndiye niliyemlisha?"

"Nilisikia."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Fundi akainuka. Futi yake ya kupimia ilikuwa bado shingoni, tangu mchana hakuivua.

"Miaka minane," alisema, "nimewapima nyote humu ndani, mabega, viuno, urefu wa mikono. Nikajua mimi ndiye fundi. Kumbe siku zote anayepimwa ni mimi, na kila mtu ana futi yake." Akaishika cherehani kwa mikono miwili. "Shemeji, nisaidie upande huo."

"Mke wangu!" Kinyozi akamzuia. "Mbwa kapona! Unakwenda wapi wakati mbwa kapona?"

"Ndiyo shida yenyewe. Kwako nilipona baada ya mbwa."

Kuna mwanamke mmoja pale nyuma alipiga kofi moja, akajizuia la pili.

Nusu Kichwa alikuwa ameshashika upande wake. Walikuwa wanavuka geti. Hapo mama mkwe akasema, si kwa ukali, ila kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua:

"Mkwe wangu, usiniache humu."

Wifi akageuka. "Mama, kifua chako. Ingia ndani."

"Kifua changu kizima. Wewe ndiye uliyeniambia nisiongee." Mama akashuka kidato kimoja cha ngazi, akashuka cha pili. "Leo nimesema pumu, mmesikia sumu. Kesho nitasema maji, mtasikia mali. Mwanangu, unaniuliza kwa nini nilinyamaza? Nilikuwa naogopa."

"Uliogopa nini, mama?" aliuliza Fundi. Cherehani ilikuwa bado mikononi.

"Nenda nyuma ya nyumba. Chini ya benchi, anapolala Meneja. Uniletee utakachokikuta, kisha uwaonyeshe hawa."

Fundi akaitua cherehani, akazunguka. Alirudi na vitu viganjani: kikopo chenye matundu mawili ya jino, plastiki ya buluu iliyosagika, matambara ya mfuko wa kijani. Na kamba. Kamba nyeusi ya nailoni, ndefu, ile ya kuvalia shingoni.

"Jumapili nani alinifunga mfuko huu?" mama aliuliza.

"Mimi. Vidole vyako vilikuwa vinauma. Nilikufunga kisogoni, fundo la mara mbili."

"Leo baada ya chakula nililala nao shingoni. Nikaamka kifua kinabana, napapasa, shingo tupu. Mlango wa chumba changu ulikuwa umefungwa, Meneja hajui kushika kitasa. Sasa wewe fundi, waambie. Mbwa akikata kamba, inakuwaje?"

Fundi aliinyoosha kamba ile, akaipeleka kwenye mwanga. Alipitisha vidole toka mwanzo hadi mwisho. Ncha zote mbili zilikuwa ngumu na nyororo, vilevile alivyozichoma kwa kiberiti Jumapili ili zisifumuke. Haikuwa na alama ya jino. Karibu na kila ncha palikuwa na mkunjo, pale fundo lilipokuwa limekaa siku tano.

"Iliyokatwa huota manyoya," alisema, akiwageuzia majirani ncha zile. "Hii haikukatwa, mama. Hii imefunguliwa."

"Mbwa hana vidole," alisema mama mkwe. "Aliyenivua pumu nikiwa usingizini aliitupa uani, Meneja akaiokota akadhani ni mfupa. Maskini, imempata yeye. Lakini huyo aliyefungua fundo, jamani, hakuwa na ugomvi na mbwa."

Nusu Kichwa alivuta shuka la kunyolea, akajifunika nalo mabega kama mtu aliyesikia baridi.

Ukimtoa mama, waliokula chakula cha mchana ndani ya nyumba ile walikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa kwenye cherehani, kila mpita njia alimwona dirishani.

Kinyozi akamtazama dada yake. Wifi akamtazama kaka yake. Na kwa sekunde ileile, kila mmoja akafungua mdomo kumtaja mwenzake.